Nililinganisha mgambo na majitu ya chuma kwenye game ya sayari, hesabu ikanitokea puani ukweni Kalinzi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, mwaka huu huu, na mashahidi wapo kuanzia Katubuka mpaka Kalinzi. Nimebadilisha majina tu, maana kuna mtu mmoja ukweni akijua nimemuanika humu, harusi nitaishia kuchangia za wenzangu.

Wakongwe wa jukwaa hili mnanikumbuka. Mimi ndiye yule niliyeleta uzi kwamba kwenye ile game yetu ya sayari, jeshi la ardhini linalolipa kuliko yote ni mgambo. Nikaweka na jedwali. Walionipinga niliwaita vilaza. Mmoja nilimwambia arudi darasa la nne akaanze upya.

Leo nimekuja kuomba radhi. Yule wa darasa la nne, kama bado upo humu, pita hapa tusalimiane.

Niwaweke sawa kwanza wasiocheza, msije mkaachwa njiani.

Ukitaka kuteka sayari ya mtu, unaanza kuichakaza kwa meli zako za angani. Ukimaliza, unashusha askari wa miguu waingie ndani. Hao askari unawanunua kwa madini.

Mgambo mmoja ni madini 40, nguvu yake 10.

Jitu la chuma moja ni madini 400, nguvu yake 60.

Sasa piga hesabu hapo hapo ulipokaa. Kwa madini 2400 unapata mgambo sitini, jumla nguvu 600. Kwa madini hayo hayo unapata majitu sita, jumla nguvu 360. Mtoto wa chekechea anajua 600 ni kubwa kuliko 360. Na mimi, wakuu, ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nilipoona hizo namba kwenye Excel nilisimama nikazunguka meza.

Muungano wetu kwenye game ni watu tisa, wote wa Kigoma. Mimi ndiye mpanga mashambulizi, cheo nilichojipa mwenyewe na hakuna aliyekataa. Kwenye muungano huo kuna dada mmoja wa Kalinzi, kwao wanalima kahawa. Tumwite Stazia. Tulianza kubishana kwenye chat ya game, tukaja kubishana kwa simu, tukaja kubishana uso kwa uso kwenye chips kuku pale mjini, na mwaka wa pili nikagundua nataka kubishana na huyu mtu mpaka nizeeke.

Stazia ndiye pekee aliyelikataa jedwali langu.

Akaandika: "Mwalimu, hao sitini watapanda nini? Na watakula nini?"

Nikamjibu kwamba hesabu hazidanganyi. Nilikuwa naipenda sana hiyo kauli. Naitumia darasani.

Sasa kilichotokea.

Kuna wababe wa Mwanza walitunyang'anya sayari yetu moja. Sisi tulikuwa tumeipa jina Mgebuka, samaki wetu wa heshima. Kwenye ile game ukiteka sayari unaruhusiwa kuibadilisha jina. Jamaa wakaiita Sangara, samaki wa ziwa lao.

Aisee. Mtu wa ziwa letu aamke asubuhi akute Mgebuka imegeuzwa Sangara! Nikaapa mbele ya muungano mzima kwamba Jumapili baada ya ibada tunairudisha.

Jumapili ikafika. Mgambo wangu sitini hao, wamejipanga. Nikabonyeza kuwapakia.

Game ikaniambia meli za kubeba jeshi ninazo ishirini, na kila meli inabeba askari mmoja. Haijali ni mgambo au ni jitu. Kichwa ni kichwa.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikasema hakuna shida, watakwenda kwa mikupuo mitatu.

Mkupuo wa kwanza ukashuka, watu ishirini, nguvu 200. Mwanza walikuwa na majitu matano pale chini, nguvu 300. Wakawafagia. Meli zikarudi, zikachukua ishirini wengine. Wakafagiwa. Zikarudi tena. Wale wa mwisho nadhani walikuwa wameshapata habari, maana nusu walikimbia kabla ya vita, game ina hicho kipengele cha woga.

Ile 600 yangu, wakuu, haikuwahi kuwa pamoja mahali popote isipokuwa kwenye Excel.

Kamanda wao akaandika kwenye chat ya wote: "Asanteni kwa mgambo, leteni na pilipili."

Stazia hakunicheka. Alisema tu, "Majitu sita, meli sita, mkupuo mmoja, 360 kwa 300. Nilikwambia." Mimi nikasema ni mtandao ulikata.

Ubishi ni kipaji.

Sasa mtaniuliza, haya ya game yanahusiana nini na ukweni? Subirini kidogo, ndiko tunakokwenda.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa yangu kwa kina Stazia. Mnajua taratibu za kwetu, muoaji haendi. Anatuma watu, kuna mshenga anayebeba barua na kusema kwa niaba yake, yeye anakaa pembeni roho mkononi. Baba yake Stazia ni mtu wa taratibu hasa. Alishamwambia binti yake, "Nitawapima kwa watu watakaowatuma."

Kwenye ukoo wetu mtu wa shughuli hizo anajulikana. Ni shangazi yangu, anakaa Ujiji, anauza mawese. Ameshika mazungumzo ya ndoa zote za ukoo na hakuna hata moja iliyokataliwa. Ila shangazi ana gharama!

Pikipiki hapandi, magoti. Anataka gari ya kukodi, na akae mbele. Anataka doti mpya ya kitenge, tena cha Kongo, na atakikagua pindo. Anataka thermos yake ya chai ya tangawizi, isiguswe na mtu. Redio ya gari izimwe.

Nikafungua Excel.

Naapa nilifungua Excel. Nikaona kwa gharama ya shangazi mmoja napata mabinamu kumi na wanne wa kuwapandisha bodaboda, na chenji inabaki. Nikajiuliza, ukweni wakiona watu kumi na wanne wanaingia si wataheshimu? Shangazi mmoja ni heshima ngapi? Nikampa tano. Binamu nikampa moja moja. Kumi na nne kwa tano.

Mnaona ugonjwa ulivyokuwa umefika mbali.

Stazia nilimwambia tu "timu imekamilika". Akauliza shangazi yupo? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wapo watu wa kutosha.

Mshenga nikamteua kaka yangu mmoja kati ya hao kumi na wanne, fundi wa mashine za boti kule Kibirizi, tumwite Meshaki. Mtu mtulivu. Barua ya posa nikamkabidhi mkononi, akaitia mfuko wa shati na kufunga kishikizo.

Asubuhi ya Jumamosi, bodaboda nne zikafika kwangu Katubuka. Kila moja ikapakia mishikaki, watu wawili nyuma ya dereva. Nne mara mbili, nane. Waliobaki sita.

Hapo niliiona sura ya zile meli ishirini. Ila nikajisemea hii ni Kalinzi, haipo angani, boda zitarudi ziwachukue.

Wale nane wakaondoka wakipiga honi. Huko njiani watu walidhani ni msafara wa mgombea, kuna mama alitoka dukani akauliza wanagawa nini.

Kwa pilika zile sikukagua nani kapanda; nikadandia daladala mpaka Mwandiga, hapo njiani, nikakaa kwenye kibanda cha chai kusubiri habari. Stazia alikuwa ndani kwao jikoni, na simu.

Saa nne kamili meseji ya kwanza ikaingia.

"Mkupuo wa kwanza umeshuka. Hauna barua."

Chai ilinipalia. Nikampigia Meshaki. Simu ikapokelewa na mlio wa injini. Kumbe alfajiri aliitwa Kibirizi, kuna boti haiwaki, akaenda mara moja tu. Yupo kwenye kundi la pili. Na barua yupo nayo mfukoni.

Kwa hiyo ukweni kwangu wameingia watu wanane, hakuna hata mmoja anayejua aseme nini.

Sasa niwape ilivyokuwa, kwa maelezo ya Stazia aliyekuwa anachungulia mlangoni.

Baba mtu amekaa na wazee wenzake wawili. Anawasalimia wageni kwa Kiha, "Mwakeye." Kati ya wale nane hakuna anayeongea Kiha, wote wamekulia Ujiji, wanaongea Kiswahili chenye harufu ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo. Binamu yangu mmoja tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Redio akajibu, "Poa mzee, za hapa?"

Poa. Siku ya posa. Kwa baba mkwe!

Mzee akauliza kwa Kiswahili, "Mmekuja na jambo gani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Sisi tumesindikiza." Mzee akauliza, "Mmemsindikiza nani?" Akajibiwa, "Yuko nyuma anakuja."

Kimya. Na Redio, wakuu, kimya kinamuuma kama jino. Akaona aokoe jahazi. Akaanza kunisifia.

Akasema, "Mzee, huyu ndugu yetu si mtu wa kawaida. Ni mwalimu, halafu anatawala sayari nne."

Mzee: "Anatawala nini?"

"Sayari. Zilikuwa tano, moja wamemnyang'anya watu wa Mwanza juzi juzi tu."

Mzee akageuka kuwatazama wenzake, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Wakati wananyang'anya, yeye alikuwa wapi?"

Redio akasema, "Alikuwepo. Alipeleka watu sitini wakafa wote."

Niliposimuliwa hapo nilivua miwani, sikutaka kuona kitu chochote.

Ikabidi chakula kiletwe mapema ili kinywa cha Redio kipate kazi. Mama yake Stazia alikuwa ameandalia watu sita, kwa sababu msafara wa posa ndivyo unavyokuwa, watu sita, saba kwa wingi. Ndizi, maharage, majogoo mawili yaliyopikwa kwa mawese. Wale nane walikuwa wameamka bila kunywa hata chai. Mnajua upepo wa kule mlimani unavyotia njaa. Walilamba mpaka mchuzi.

Saa saba mchana kundi la pili likafika, matope mpaka magotini, maana mvua ilinyesha na ile njia ya kupanda migombani boda zilishindwa, wakatembea. Meshaki anatoa barua, imelowa. Na masufuria ni matupu.

Wakuu, kwa mila zetu hilo ndilo kosa lenyewe. Mgeni wa posa kukaa bila kula kwenye nyumba ya watu ni aibu ya mama mwenye nyumba. Yule mama alikwenda kuazima ugali kwa jirani, siku ya binti yake. Stazia aliniandikia neno moja: "Mama analia." Halafu akazima simu.

Nilikaa kwenye kile kibanda mpaka mwenye nacho akaniuliza kama nimefiwa.

Majibu ya mzee aliyaleta Meshaki jioni. Barua aliipokea lakini hakuifungua. Alisema, "Mwambieni huyo mwenye sayari, Jumamosi ijayo alete mtu mzima. Wakija tena wa namna hii, binti yangu nitamwachia aolewe na mwenye sayari chache zinazolindwa."

Mabinamu wakarudi wakisema kwamba chakula kilikuwa kizuri.

Jumapili Stazia hakupokea simu. Mara kumi na moja. Nilikwenda ibadani, sikumbuki hata tuliimba nini. Mchana nimelala tu natazama dari, simu ikalia, si yeye, ni taarifa ya game.

Sayari ya Sangara imetekwa. Mtekaji: Stazia. Jina jipya la sayari: Mgebuka.

Nikaingia haraka. Alikwenda peke yake, kwa madini yake mwenyewe. Majitu sita, meli sita. Wa Mwanza waliobaki walikuwa wanaulizana kwenye chat nini kimewakuta.

Ndipo ikaja meseji yake ya kwanza tangu jana:

"Sita. Mkupuo mmoja. Sasa fikiria, na safari hii usifikirie kwa Excel."

Sikubisha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Niliogopa, wakuu. Siku zote nilikuwa nahesabu nitakachopata, siku hiyo ndiyo niliona ninayemkosa.

Jumatatu jioni nilikuwa Ujiji, nimechuchumaa mbele ya madumu ya mawese.

Shangazi hakunikaribisha kiti. Alimaliza kumpimia mteja, akafuta faneli yake, akaniuliza, "Umewamaliza wale wa bure?"

Habari zilikuwa zimeshafika. Kigoma hii ni ndogo.

Nikamwambia, shangazi nimekosa, nisamehe, sema unachotaka. Akasema kwanza masharti yake yote ya siku zote. Halafu kwa sababu nimemchelewesha, na viatu. Halafu kuku wawili hai na ndoo ya mawese mazuri vipelekwe kwa mama wa binti kabla ya yeye kufungua mdomo, maana yule mama ndiye niliyemkosea, siyo mzee. Hilo la mama halikuwepo kwenye jedwali langu lolote.

Jumamosi akaondoka na Meshaki tu. Watu wawili. Alikaa mbele, redio imezimwa, kioo kimefungwa, dereva anatoka jasho. Meshaki alikaa nyuma na kuku. Nilipotaka kumpa shangazi maelekezo akaniambia, "Wewe kanywe chai."

Nikarudi kibandani kwangu Mwandiga. Mwenye kibanda akaniwekea kikombe bila kuuliza.

Saa nne na dakika tano, meseji:

"Jitu limetua."

Dakika kumi zikapita. Halafu:

"Yupo jikoni na mama. Hata sebuleni hajaingia."

Halafu:

"Mama anacheka."

Kumbe mama yake shangazi kwao ni huko huko mlimani, Kiha chake ni kile chenyewe cha wazee. Alivyoingia sebuleni alisalimia kila mtu kwa mpangilio wake, akaulizia kahawa, akaulizia mvua, akanyamaza. Hakusema lililomleta mpaka walipomuuliza wao. Meshaki anasema yeye alikula tu na kuitikia.

Ila mzee alikuwa hajasahau. Akamuuliza, "Hebu niambie, hizi sayari za kijana wenu ni kitu gani?"

Shangazi hajui sayari wala game. Akasema, "Mtoto wetu ana akili nyingi sana. Ndiyo maana tumekuja hapa kuomba mtu wa kumsaidia kuzitumia."

Stazia anasema baba yake alicheka mpaka akashika mbavu, akaagiza ile barua iletwe ifunguliwe.

Saa sita kasoro meseji ya mwisho ikaingia. Ninayo mpaka leo, sijaifuta wala sitaifuta:

"Sayari ni yako. Jina usibadilishe."

Wakuu, nililia pale kibandani, chapati mkononi.

Basi, kwa wale mliokuja kutafuta jibu la uzi wangu wa zamani, jibu ni hili. Bei ya kununua askari ni mwanzo tu wa gharama. Uliza anapanda nini, anakula nini, na akifika anajua la kusema? Jedwali langu sasa nimeliongezea safu tatu: usafiri, chakula, na aibu. Hiyo ya aibu mgambo wanaongoza kwa mbali, hawakamatiki.

Mgambo wabaki kulinda nyumbani, huko wanafaa. Redio tumempa kazi ya kutangaza kwenye harusi, kipaza sauti kitakuwa mikononi mwa shangazi.

Mpanga mashambulizi wa muungano kwa sasa ni Stazia. Hakujipa cheo mwenyewe, tulipiga kura. Nane kwa moja, na ile moja mnajua ni ya nani. Ubishi ni kipaji.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kupeleka mgambo mahali palipohitaji jitu, iwe kwenye game au ukweni, afunguke hapa tusaidiane. Na wa Mwanza, mkipita, pilipili tunayo ya kutosha.